Toa Gundi, Lebo Bakiza

Siku mliponiaga pale dukani mlinipa saa ya ukutani, na katikati ya kioo chake kulikuwa na lebo. Miaka thelathini na ushee nimebandua lebo kwenye vioo vya watu kuanzia Nyalikungu hadi Nyashimo, halafu zawadi yangu ya kustaafu inakuja na lebo. Sijui kama ulikuwa utani au usahaulifu. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikachovya pamba kwenye mafuta hata kabla sijanywa maji. Nilipomaliza ndipo nikagundua kwamba saa haina betri, na hilo nalo nimewasamehe.

Neema ndiye aliyenishurutisha niandike. Alisema, "Mama Minza, ukiondoka wewe, tutamuuliza nani?" Nilitaka kumjibu kwamba wanayo simu, kila siku wanaitazama. Lakini nimeyaona mnayofundishwa humo kwenye simu, mtu anapaka dawa ya meno kwenye kioo huku muziki unapiga, nikaona bora niandike. Ya mshahara siandiki, hayajazi hata ukurasa. Ya cheo pia siandiki, kwa sababu niliingia naitwa "wewe mama" na nimetoka naitwa "bibi." Nitaandika habari za gundi.

Nilikuja Bariadi kutoka Nyalikungu nikiwa na watoto wawili na begi moja. Bwana Seif alikuwa amefungua duka la vioo, akawa anatafuta mtu wa kufagia na kuchemsha chai. Siku ya kwanza tu akanionyesha kioo kirefu cha kujitazamia chenye karatasi ya kiwandani iliyogandamana katikati, akasema mwenye kioo anakifuata saa nne, nikisafishe. Kisha akaenda zake kufuata mzigo. Sasa mimi kwetu, kitu kikigandamana na sufuria kinakwanguliwa kwa kisu. Nikachukua kisu.

Saa nne akaja mwenye kioo, mwalimu mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Akajitazama, akaona ana mikwaruzo mitatu shavuni. Akajipangusa. Akasogea kushoto, mikwaruzo ikahamia kwenye sikio. Hapo akaelewa, nami nikaelewa, na Bwana Seif aliporudi akaelewa kuliko sisi sote. Hakunifokea. Alifanya jambo baya zaidi, alimwita mama yake.

Bi. Zuhura, mama yake Bwana Seif, alikuwa mwanamke mfupi aliyeuza achari ya maembe na ndimu hapo mjini. Achari yake aliiweka kwenye chupa za kila namna, zilizokuwa za kahawa, za jamu, hata za vidonge, na hakuna chupa yake hata moja iliyokuwa na alama ya lebo. Alinitazama juu mpaka chini, akakitazama kioo, akauliza, "Mwanangu, gundi imekukosea nini?" Akanipeleka uani. Kulikuwa na beseni la maji ya moto yenye sabuni, na chupa zimelala ndani yake kama watoto wanaooga. Akasema kaa. Nikakaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

"Tunangoja nini, bibi?"

"Tunangoja ichoke."

"Na ikishachoka?"

"Itaondoka yenyewe. Gundi ni kama mgeni, mwanangu. Ukimfukuza anakaa wiki. Ukimwacha hapo bila kumsemesha, anaaga mwenyewe."

Baadaye niligundua kwamba hata wageni wake alikuwa anawaondoa kwa njia hiyohiyo. Lakini siku ile alinipa jambo ambalo limenilisha miaka yote. Alichomoa chupa, lebo ikateleza mkononi mwake kama ganda la ndizi. Chini yake kukabaki utando unaonata. Akanishikisha kidole pale. "Hapa kuna vitu viwili," akasema. "Karatasi na gundi. Watu wanaviona kimoja, ndiyo maana wanagombana navyo. Maji ni ya karatasi. Mafuta ni ya gundi. Ukimpa huyu cha yule, utakesha." Kisha akachukua mafuta ya kupikia na magadi soda, akavikoroga mpaka vikawa uji mzito, akaupaka, akaenda kuswali. Aliporudi alipangusa mara moja tu na kitambaa cha kanga kuukuu.

Kwa hiyo Neema, na wengine mnaoruka mistari kutafuta kazi inafanywaje, inafanywa hivi. Lowesha karatasi kwanza kwa maji ya moto na sabuni, uitoe. Usiikwangue ikiwa kavu hata kama mteja amesimama mlangoni na funguo mkononi. Halafu mafuta. Chupa unaweza kuilaza kwenye beseni, lakini dirisha halilali, na mafuta ukiyapaka dirishani yanateremka yanakwenda kusafisha ukuta. Hapo ndipo Simiyu inapotuokoa, maana pamba tunayo. Chukua donge la pamba, ile chafu ya mwisho wa msimu ambayo karani wa ununuzi ameikataa, ichovye kwenye mafuta ya pamba, ibandike juu ya gundi, iache robo saa. Pamba inayashika mafuta, mafuta yanailegeza gundi. Mama na mwana wanafanya kazi pamoja. Kisha sugua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Kila mtu anayo, na inakuwa mara yake ya kwanza kufaa kitu.

Wembe ni wa mwisho, na ni wa kioo kilicholowa tu. Ulaze karibu kabisa na kioo, sukuma kwenda mbele, usirudishe nyuma. Kioo cha kujitazamia usikimwagie maji pembeni, yatapenya nyuma na kuila ile rangi ya fedha, na baada ya miezi sita mwenye nyumba atadhani amepata ukoma. Mafuta ya taa yanafanya kazi vizuri sana, ila zima jiko kwanza. Nilimwambia hivyo mama mmoja, akanijibu jiko lake halijawahi kulalamika. Mwisho wa yote osha kwa sabuni, maana kioo chenye mafuta kinakusanya vumbi la Bariadi, na vumbi la Bariadi halihitaji kualikwa mara mbili.

Kuna na tina, ile ya mafundi rangi. Ina nguvu kuliko vyote, na imenitia aibu kuliko vyote. Mara ya kwanza niliimwaga kwenye kioo cha meza ya sebuleni bila kukumbuka kwamba meza ni ya mbao iliyopakwa vanishi. Gundi ilitoka, na vanishi ikatoka, na kitambaa cha meza kikagandamana na mbao moja kwa moja. Mwenye meza alikuwa mstaarabu, alinilipa, akaniomba nisirudi.

Mara ya pili ilikuwa Nyalikungu, nyumbani kwa mzee mmoja mfugaji. Wajukuu wake walikuwa wamebandika utepe wa gundi kwenye madirisha yote ili jua lisiwaamshe. Nilitoa karibu wote kwa mafuta, ikabaki mistari miwili sugu. Nikamwendea mzee alipokuwa amekaa na redio yake.

"Mzee, bado kidogo. Nahitaji tina."

Akazima redio. "Tina?"

"Ndiyo. Kidogo tu, ya kumalizia."

"Tina ameolewa Nyashimo."

"Hapana, mzee, nasema tina ya..."

"Mayu, ni mbali. Na ana mtoto mchanga. Hakuna mwingine anayeweza kumalizia?"

Mayu kwa Kisukuma ni mama, na alilitamka kwa huruma sana, akidhani nimeshindwa kazi. Nilimweleza vizuri, nikaonyesha kwa mikono, nikataja rangi, nikataja chupa. Akaitikia kwa kichwa. Nikarudi kwenye dirisha langu, nikijua sasa nimeeleweka. Saa kumi jioni pikipiki ikaingia uani, akashuka binti mwenye mtoto mgongoni, machozi yanamtoka, anauliza nani amekufa. Alipoambiwa ni dirisha, alikaa chini akacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akauliza kama nimejaribu kupasha moto kwa kitambaa, akachemsha maji, tukakanda ile mistari miwili kama tunakanda goti. Ikaachia. Mzee akaniambia, "Si nilisema? Tina anaweza."

Nyashimo kwenyewe nako nimefanya kazi, na huko jirani mmoja aliniona asubuhi napaka mafuta kwenye madirisha ya watu kwa pamba, kimya, moja baada ya jingine, nikirudia. Akaja taratibu akauliza bei. Nikamtajia. Akasema nimpakie na yeye, mlango tu, ana adui. Nilimpakia. Sikumdanganya, mlango wake kweli ulikuwa na gundi.

Lakini adui mkubwa wa kazi yetu hajawahi kuwa gundi. Ni mwenye nyumba anayekataa lebo itolewe. Ninyi mliozaliwa juzi mnacheka, lakini nendeni makwenu mkaangalie friji, televisheni, na sofa zenye nailoni inayolia mtu akikaa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwetu upya wa kitu unathibitishwa na lebo. Ukiitoa, kesho yake jirani anauliza umekinunua kwa nani. Nimemwona kijana amevaa miwani ya jua yenye lebo kwenye jicho la kulia, akaendesha pikipiki hivyo hivyo mpaka kwenye kundi la ng'ombe. Nilimsaidia kuinuka. Akashika miwani kwanza, akapapasa lebo kama ipo.

Watu hawa wananiita baada ya miaka kumi. Lebo imeokwa na jua, pembe zimejikunja, gundi imetoka nje ikakusanya vumbi, nzi na nywele. Ndipo wanasema, mama, hii itoke kabla ya wageni. Kitu kilichokuwa cha robo saa kinakuwa cha kutwa nzima, na ninawatoza kwa kutwa nzima, tena kwa furaha.

Mzee Maduhu wa Sapiwi hakuwa hata hivyo. Yeye alikuja dukani mwenyewe mwaka jana, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa na viatu vya matairi, akasubiri zamu yake, tukaamkiana mwangaluka kwa urefu wake wote, habari za ng'ombe, za mvua, za watoto, kisha akasema ana shokesi. Shokesi ni lile kabati la vioo la sebuleni ambamo watu huweka vyombo wasivyovitumia. Binti yake wa mwisho, Kabula, alikuwa anachumbiwa, na wakwe wangefika Jumamosi. Shokesi lilikuwa na uchafu wa gundi kwenye kioo.

"Tutatoa, mzee."

"Toa gundi. Lebo bakiza."

Nilidhani sikusikia. Akarudia polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikamweleza kwamba ile gundi ndiyo inayoishika lebo. Akafikiri. "Toa ya nje," akasema. "Ya ndani bakiza."

Nilikwenda Alhamisi asubuhi, nikiwa na mkoba wangu na shauku ya kuona kichaa kipya. Nyumba ilikuwa safi, uwanja umefagiwa, na shokesi limesimama sebuleni kama mkuu wa wilaya. Lilikuwa na milango miwili ya vioo inayoteleza, mmoja mbele, mmoja nyuma yake. Kwenye ule wa nyuma, katikati kabisa, ndiko lebo ilikokuwa, pana kama sinia, ina picha ya taji la dhahabu ambalo sasa lilikuwa na rangi ya chai. Nyuma yake niliona masikio ya vikombe yamejitokeza huku na huku. Vikombe vyenyewe havikuonekana.

Kabula aliniletea maji ya moto. Alikuwa msichana mtulivu, na alinong'ona mzee alipotoka kufungua ndama. "Mama, kwa nini usiitoe tu yote? Useme imeponyoka."

"Nikisema imeponyoka, nani ataniita tena Sapiwi?"

Ndipo akanieleza. Baba yake alilinunua shokesi lile mwaka ambao pamba ilikubali. Alikwenda Mwanza mwenyewe, akarudi amelishikilia juu ya lori njia nzima. Jioni hiyo shemeji yake Ngasa, kaka wa mkewe, akalizunguka mara mbili, akatangaza mbele ya watu kwamba ni mtumba, amelinunua kwa mwalimu aliyehama. Mzee Maduhu akamwonyesha lebo. Ngasa akasema lebo hata yeye anaweza kubandika. Tangu siku hiyo ikawa kesi. Lebo isiguswe, na mlango wowote usifunguliwe, maana ukiuteleza mmoja, ule wa mbele unapita juu ya lebo na kuiparuza. Vikombe vikabaki ndani. Mke wa mzee alifariki mwaka juzi, kesi bado haijaisha, na Jumamosi Ngasa alikuwa anakuja kama mjomba wa bibi harusi.

Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mzee wa watu, karatasi yenye taji. Nilicheka moyoni, nakiri. Nikapiga magoti, nikabandika pamba zangu za mafuta pembeni mwa lebo, nikaanza na kona ya juu kulia. Gundi ilikuwa nyeusi, nene. Ililegea vizuri, nikaifuta, kioo kikang'aa, nikajisifu. Nikahamia kona ya chini. Hapo jua lilikuwa limeingia dirishani, na kwenye ile gundi nikaona alama. Nikadhani panya. Nikainamisha kichwa. Zilikuwa alama za dole gumba, moja juu ya nyingine, nyingi, na kila moja ilikuwa na mstari umeikata katikati.

Kabula alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini. "Usifute," akasema.

"Ni nini?"

"Ni mama."

Alikuja akapiga magoti pembeni yangu, akanieleza kwa sauti ndogo. Mama yake alijikata na mundu akivuna mtama, kovu likabaki limevuka dole gumba. Kila akiuza pamba na kutia dole, karani alikuwa anamwambia arudie, mama dole lako limefutwa. Nyumba nzima ilikuwa inamtania kwa hilo. Nilitazama kona ya juu niliyoisafisha, inang'aa, haina kitu. Nimeharibu vioo vya watu katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona aibu kama ile iliyonipata kwa kukisafisha kimoja.

Mzee Maduhu akaingia akifuta mikono. "Imekuwaje?"

Kabula akasema, "Baba, mama alikuwa anabandua lebo."

"Lini?"

"Kila siku ya mnada. Ukishaondoka na ng'ombe anakaa hapa, anabandua kidogo kwenye kona. Akisikia umerudi, anabandika tena kwa mate."

"Kwa mate?"

"Kwa mate, baba."

Nilidhani atakasirika. Aliinama, akazitazama zile alama kwa muda mrefu, akahama kona moja hadi nyingine, kona tatu zilizokuwa zimebaki. Kwenye ile niliyoifuta alisita, akanitazama, akaelewa. Nikamwambia pole. Ndilo lililonitoka.

"Alikuwa anatafuta nini?" akauliza.

"Vikombe vyake," akasema Kabula. "Vile alivyonunua kwa fedha ya kuku. Uliweka shokesi, akavipanga, ukafunga."

Mzee akavuta kigoda akakaa mbele ya kabati kana kwamba kabati ndilo lililokuwa na la kusema. Nikaona ni wajibu wangu kumpa njia. Nikamwambia, "Mzee, naweza kuziacha. Nitasafisha kioo chote, pale pa kona nipaache kama palivyo. Wageni hawatajua."

"Na lebo ikitoka, alama nazo zinatoka?"

"Zinatoka."

"Zote?"

"Zote, mzee. Ziko kwenye gundi."

Hili hamtalikuta kwenye simu zenu. Nimeshaulizwa gundi itatoka kwa muda gani, kwa bei gani, kama kioo kitapata mikwaruzo. Sijawahi kuulizwa tena na mtu yeyote kama gundi inaweza kutoka ikaacha mkono wa mtu. Nilitamani niwe na dawa ya hivyo. Bi. Zuhura mwenyewe, angekuwepo, asingekuwa nayo.

Mzee Maduhu akaweka dole gumba lake juu ya alama ya kona ya chini. Lilikuwa kubwa, likaifunika yote. Akalibakiza pale. Nje ndama analia, na hakuna aliyekwenda.

"Amehangaika miaka yote hii," akasema, "halafu nami nimwite fundi abakize." Akageuka kwangu. "Mayu, lete hayo mafuta. Tummalizie."

Nikamwandalia wembe. Akaukataa. Kadi, akaikataa pia. Alisema atatumia kidole, kwa sababu hata mkewe alitumia kidole. Basi nikawa nalowesha kwa maji ya moto, napaka mafuta, yeye anabandua. Hakujua kungoja, nikamfundisha. Nilimwambia gundi ni kama mgeni, akacheka kidogo, akasema huyu amekaa sana. Alama zilipotea taratibu chini ya mkono wake, kona ya kwanza, ya pili, na ya tatu aliisugua polepole zaidi kuliko zote. Nililia. Msicheke, nilikuwa nimechukua mafuta ya taa kwa gundi iliyogoma, lakini sikulizwa na mafuta ya taa.

Lebo ilitoka nzima, taji lake na kila kitu, karibu na saa sita. Nikamuuliza niiweke wapi, kesi ile itakuwaje Jumamosi bila shahidi.

"Mpe Ngasa," akasema. "Akabandike kwake."

Nikaosha kioo kwa sabuni, nikakikausha kwa kanga. Kule ndani vikombe vilikuwa vimepangwa sita, vyeupe, na sahani zake. Kabula akausukuma mlango. Ulilia kama mlango usiofunguliwa miaka yote unavyolia, kisha ukateleza. Akavitoa, akaviosha, akachemsha chai ya maziwa, akatuwekea mezani mimi na baba yake. Mzee alikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Akanywa. Chai ilipokwisha, akainamisha kikombe kuelekea dirishani, akatazama ndani.

"Kumbe kina ua chini," akasema. "Hakuwahi kuniambia."

"Alikuambia, baba," akasema Kabula, akammiminia tena.